Ukiona damu chooni, usisubiri kipimo cha vinasaba

Msomaji wa Kasanga, mkoani Rukwa, mwenye miaka 52, ameniuliza kuhusu kipimo cha kinyesi kinachosoma vinasaba na kubaini saratani ya utumbo mpana. Kijana wake aliyeko Marekani amemwambia kipo huko, naye anataka atumiwe. Mwishoni, kama jambo dogo tu, ameongeza kuwa tangu mwaka jana anaona damu kwenye choo na ameshatibiwa kichocho mara mbili.

Kaka yangu, hilo la mwisho ndilo lingetangulia.

Kipimo chenyewe ni kizuri, sikibezi. Utando wa ndani wa utumbo hubanduka kila siku na seli zake hutoka na kinyesi. Kukiwa na saratani, au vinyama vinavyoweza kugeuka saratani baadaye, baadhi ya seli hizo huwa na vinasaba vilivyobadilika. Maabara huvitafuta, pamoja na damu isiyoonekana kwa macho. Marekani ilikiidhinisha mwaka 2014 baada ya utafiti wa watu karibu 10,000. Katika kila wagonjwa 100 wa saratani hiyo kilibaini 92, wakati kipimo cha kutafuta damu pekee kilibaini 74. Lakini vinyama vya hatari kilivikosa zaidi ya nusu, na katika kila watu 100 wasio na saratani wala vinyama hivyo, takriban 13 walipewa majibu ya kuwatia hofu bure.

Jambo muhimu ni kwamba watu hao hawakuwa na dalili. Kipimo hiki ni cha mtu anayejiona mzima, kuanzia miaka 45. Kikionyesha tatizo, hatua inayofuata ni kuangaliwa utumbo kwa kamera, yaani kolonoskopi. Wewe unayetoka damu tayari umefika kwenye hatua hiyo. Isitoshe, sampuli inatakiwa ifike maabara ndani ya siku chache, na kutoka Kasanga hadi Marekani, sijui ni nani atakayekubali kubeba mzigo huo!

Aliyeanza kukutibu kichocho alikuwa na sababu. Kichocho cha tumbo kipo mwambao wa Ziwa Tanganyika na huleta damu kwenye choo, kama amiba inavyoleta. Lakini umemeza dawa mara mbili na damu ingalipo, kwa hiyo usikubali dozi ya tatu bila kuchunguzwa zaidi. Bawasiri nayo ni hivyo hivyo: mtu anaweza kuwa nayo na saratani juu yake.

Nenda kituo cha afya upimwe wingi wa damu, na daktari akupime njia ya haja kubwa kwa kidole chenye glavu. Wanaume wengi hukataa. Ni chini ya dakika moja, na baadhi ya uvimbe wa puru hugundulika hapo hapo. Kisha omba barua ya rufaa kwenda Sumbawanga. Kama kolonoskopi haifanyiki hapo, uelekezwe Mbeya au Muhimbili. Siku moja kabla utakunywa dawa ya kusafisha tumbo. Daktari akikuta kinyama kidogo huweza kukikata papo hapo, na akikuta uvimbe huchukua kipande kikapimwe.

Andika kwenye karatasi tarehe ulizomeza dawa za kichocho. Andika pia kama choo kimebadilika kikawa chembamba, kama unapungua uzito, au kama unatoka chooni ukihisi hujamaliza.

Wazazi nao wameniuliza kuhusu watoto wanaotoa choo chenye damu. Hiki si kipimo chao. Kwa mtoto tunawazia kwanza kuhara damu, na akiwa na homa au amelegea apelekwe hospitali siku hiyo hiyo. Ila kaka yangu wa Kasanga, ukikutwa na saratani, waambie ndugu zako wa tumbo moja na watoto wako. Wao huanza kupimwa wakiwa na miaka 40, au miaka 10 kabla ya umri uliogunduliwa wewe, ule utakaotangulia.