Vuga, kijiji cha ukingoni

Ukipanda gari Mombo kwenda Soni, katika milima ya Usambara, barabara inapindapinda kando ya mto, na kabla hujafika masikio yameshaziba. Chini umeacha joto na mikonge. Juu unatafuta sweta, na migomba imeanza kusogea hadi milangoni mwa watu. Wasambaa huzitaja nchi hizi mbili kwa majina mawili: Shambaai, kwenye mvua na migomba, na nyika, kwenye jua na miiba.

Vuga iko Shambaai, lakini jirani kabisa na pale mlima unapokatika kuelekea nyikani. Mgeni hudhani wazee walipachagua kwa ajili ya ulinzi tu. Ulinzi ulikuwemo, na mbu wa bondeni nao hawakusahauliwa. Ila mimi naona jambo kubwa lilikuwa chakula. Mahindi ya mlimani hukawia kukomaa kwa sababu ya baridi; ya nyikani hukomaa upesi. Mwenye shamba juu na shamba chini, msimu mmoja ukimtupa, mwingine humwokoa. Jioni hupanda kulala kwenye migomba yake, ambayo haingoji msimu.

Hata simulizi ya Mbegha, mwindaji kutoka Nguu aliyeanzisha utawala wa Wakilindi katika karne ya 18, inasimama juu ya mpaka huo: alileta nyama ya porini, wenyeji wakampa chakula cha shambani. Vuga ikawa makao ya mfalme, Simba Mwene. Kazi yake kuu ilikuwa kuzifya shi, yaani kuiponya nchi, na kwanza kabisa kuiletea mvua. Mmisionari Krapf alipofika mwaka 1848 alimkuta mfalme Kimweri ye Nyumbai, ambaye amri yake ilisikika hadi pwani.

Kimweri alifariki mwaka 1862, na mjukuu wake, Shekulwavu, akarithi. Lakini wakati huo misafara ya pembe za ndovu ilikuwa ikipita nyikani, nazo bunduki zilikuja kwa njia hiyohiyo. Semboja, mwana wa Kimweri, alikuwa amejenga Mazinde, kwenye njia ya misafara. Akakusanya bunduki na watu, akaishambulia Vuga, ikachomwa moto.

Jambo ninalolirudia kila nikiitazama ramani ni hili: baada ya kushinda, Semboja hakuhamia Vuga. Alimweka huko mwanawe, Kimweri Maguvu, yeye akabaki Mazinde. Kiti cha babu zake kilikuwa juu, lakini kila alichokihitaji ili kutawala kilikuwa kikipita chini, mbele ya mlango wake.

Wajerumani nao walipoleta reli kutoka Tanga, waliipitisha hukohuko chini: Mombo, kisha Mazinde.