Msaidizi wa Daktari Wu Hakufika Dundori

Filamu ya Iron Man 3 ilipotoka mwaka 2013, ilitoka kwa sura mbili. Iliyoonyeshwa Uchina ilikuwa na takriban dakika nne zaidi ya ile iliyoonyeshwa kwingineko. Ndani ya dakika hizo, daktari Mchina aitwaye Wu, aliyeigizwa na Wang Xueqi, anashauriana na msaidizi wake kuhusu upasuaji wa shujaa Tony Stark. Msaidizi huyo aliigizwa na Fan Bingbing, mmoja wa nyota wakubwa wa Uchina wakati ule. Daktari anaonekana pia akinywa kinywaji cha maziwa kinachouzwa katika maduka ya huko. Nakala tuliyoipata sisi, ile iliyopita kwenye diski na flashi mpaka ikafika maduka ya muvi ya Lanet na Dundori, huku Nakuru nchini Kenya, haikuwa na msaidizi huyo kabisa. Daktari mwenyewe alipita mara moja mbili kama mtu aliyepotea njia. Na hadithi haikupungukiwa na chochote.

Hapo ndipo penye kiini cha jambo ninalotaka kulieleza leo. Ukiweza kumtoa mhusika kwenye filamu na mtazamaji wa Dundori asigundue, basi mhusika huyo hakuwekwa kwa ajili ya hadithi. Aliwekwa kwa ajili ya mlango wa kuingilia sokoni. Kumwakilisha mtu ni kazi moja, kujipendekeza kwa mfuko wake ni kazi nyingine, na Hollywood imezichanganya kwa miaka mingi hata watazamaji wengi hawaoni tena mpaka ulipo.

Tuanze na pesa, maana bila pesa mambo haya hayaeleweki. Uchina haifungui milango ya sinema zake kwa kila filamu ya kigeni. Mwaka 2012 ilikubaliana na Marekani kupandisha idadi ya filamu za kigeni zinazogawana mapato ya tiketi kutoka 20 hadi 34 kwa mwaka, na fungu la studio likafika asilimia 25. Filamu iliyotengenezwa kwa ubia rasmi na kampuni ya Kichina haihesabiwi katika idadi hiyo, na fungu lake ni kubwa zaidi. Kila studio ikaanza kutafuta namna ya kuonekana mbia au, kwa uchache, rafiki. Transformers: Age of Extinction ya 2014 ilipeleka sehemu ya hadithi yake Hong Kong, ikampa nafasi Li Bingbing, ikamwonyesha mwimbaji Han Geng kwa sekunde chache tu akiwa na gitaa ndani ya gari. Ilikusanya zaidi ya dola milioni 300 Uchina, kuliko ilivyokusanya Marekani kwenyewe. Studio nyingine zikaona njia imepatikana.

Kujipendekeza huko hakukuishia kuongeza sura. Kulihusu pia kufuta. Filamu ya Red Dawn, iliyopigwa picha mwaka 2009 ikiwa na wavamizi kutoka Uchina, ilikaa kabatini hadi 2012, na ilipotoka wavamizi walikuwa wa Korea Kaskazini. Bendera na nembo zilibadilishwa kwa kompyuta. Waigizaji walibaki walewale. Kwa aliyefanya uamuzi huo, uso wa Mwasia ulikuwa uso tu, unaoweza kubandikwa nchi yoyote.

Mfano unaonigusa zaidi, hata hivyo, umo ndani ya Iron Man 3 yenyewe, na mizizi yake iko Afrika Mashariki. Adui mkuu wa Iron Man katika vitabu vya katuni tangu 1964 ni Mandarin, Mchina katili mwenye pete kumi, aliyechorwa kwa chuki zote ambazo Wamarekani wa zamani walikuwa nazo juu ya watu wa Mashariki. Kumleta alivyo kungewaudhi Wachina waliotarajiwa kununua tiketi. Kumwacha kabisa kungewaudhi mashabiki wa katuni. Studio ya Marvel ikampa nafasi hiyo Ben Kingsley, kisha katikati ya filamu ikafichuka kwamba Mandarin ni mwigizaji mlevi wa Kiingereza aliyekodiwa kutisha watu kwenye televisheni.

Kingsley alizaliwa Uingereza mwaka 1943 kwa jina la Krishna Bhanji. Baba yake alizaliwa Kenya, katika familia ya Kigujarati iliyokuwa na biashara Zanzibar. Kingsley alibadilisha jina akiwa kijana kwa sababu aliona jina la asili linamzuia kupata kazi, kisha akashinda Oscar kwa kuigiza Gandhi. Mtoto wa Mhindi wa Kenya, mwenye jina la Kiingereza, akaigiza Mwingereza anayejifanya Mwasia, ili Mchina asikasirike. Sijui kama kuna mfano mwingine unaoonyesha wazi hivyo jinsi Hollywood inavyoliona bara zima la Asia kama kabati moja la mavazi.

Miaka minane baadaye Marvel ilijaribu kurekebisha. Shang-Chi ya 2021 ilimleta Tony Leung awe mwenye pete kumi wa kweli, akiwa baba mwenye huzuni, mapenzi na makosa yake. Kingsley alirudi pia na filamu ikamtania hadharani yule Mandarin wa zamani. Ni kazi nzuri, ya kwanza ya Marvel iliyoongozwa na shujaa wa Kiasia. Haikuonyeshwa katika sinema za Uchina bara.

Msomaji asishangae. Crazy Rich Asians ya 2018, ambayo karibu waigizaji wake wote ni wa asili ya Asia, ilipata zaidi ya dola milioni 230 duniani lakini Uchina haikufika hata dola milioni mbili. Mwasia aliyekulia California anataka kuona maisha yake yamechukuliwa kwa uzito. Mtazamaji wa Shanghai ana filamu zake, na mashujaa wake wamejaa tele. Wakuu wa studio walidhani kiu hizo mbili ni moja.

Sisi huku juu Dundori, penye baridi, kabichi na viazi, tulikuwa na elimu yetu nyingine. Muda mrefu kabla ya Marvel kumpa Mwasia kazi ya maana, vibanda vya video vya Kenya vilikuwa vikionyesha filamu za Hong Kong, na DJ Afro akizisimulia kwa Kiswahili chetu cha mtaani. Steringi, yaani shujaa mkuu, alikuwa Jet Li au Jackie Chan. Steringi alikuwa Bruce Lee, yule aliyeondoka Marekani mwaka 1971 kwenda Hong Kong kwa sababu Hollywood haikuwa tayari kumpa filamu ya kuibeba peke yake. Vijana walimshangilia bila kuuliza ni wa kabila gani. Ninaamini kwa dhati kwamba kibanda kile cha mabati kilimheshimu mwigizaji wa Kiasia kuliko studio kubwa zilizokuja kumtafuta baadaye kwa hesabu.

Lakini kwa Mkenya, Mwasia wa kwanza si Mchina. Ni Mhindi wa dukani Nakuru, fundi, mwenye kinu, mwalimu, wakili. Jamii yake ilitambuliwa rasmi mwaka 2017 kuwa ya 44 nchini. Hollywood ilipomhitaji Mhindi wa Kenya, ilimfanyia nini?

The Ghost and the Darkness ya 1996 inasimulia simba wawili waliowala wafanyakazi wa reli pale Tsavo mwaka 1898. Ilipigwa picha Afrika Kusini. Vibarua na mafundi waliojenga reli ya Mombasa hadi Kisumu kati ya 1896 na 1901 walikuwa Wahindi wapatao 32,000, wengi kutoka Punjab. Karibu 2,500 walikufa na zaidi ya 6,000 wakabaki. Filamu ilimchukua Om Puri, mmoja wa waigizaji bora kabisa wa India, ikampa nafasi ya Abdullah, msemaji wa vibarua, ambaye kazi yake kubwa ni kulalamika na kumpinga mhandisi Patterson. Ikamchukua John Kani, gwiji wa jukwaa wa Afrika Kusini, ikamfanya msimulizi wa ushujaa wa mzungu. Na kwa kuwa mzungu mmoja hakutosha, ikambuni mwindaji Mmarekani aitwaye Remington, ambaye hakuwahi kuwepo, ili Michael Douglas apate nafasi. Wahindi walioliwa hawana majina, hawana wake walioachwa Punjab. Hapa hapakuwa na kujipendekeza hata kidogo, kwa sababu soko la kujipendekezea halikuwepo. Nalo pengo hilo linafundisha: asiyekuwa na tiketi nyingi za kununua haongezewi hata zile dakika nne.

Linganisha na Mississippi Masala ya 1991. Mwongozaji Mira Nair anaanzia Kampala mwaka 1972, Idi Amin amewapa Waasia siku 90 kuondoka. Jay, wakili aliyeigizwa na Roshan Seth, anaipenda Uganda kuliko India asiyoijua, na anaondoka na kidonda cha urafiki wake na Mganda Okelo. Baadaye, kule Marekani, binti yake anampenda Mmarekani mweusi, aliyeigizwa na Denzel Washington, na familia ile iliyobaguliwa inaonyesha ubaguzi wake yenyewe. Nair hawasifu Waasia wala hawatetei. Anawapa dhambi zao, hofu zao na nyumba yao. Mtoe Jay kwenye filamu hiyo uone kama kitabaki kitu. Nair mwenyewe aliweka makazi Kampala, na mwaka 2004 akaanzisha Maisha Film Lab ya kufundisha watengeneza filamu wa Afrika Mashariki.

Wale wanaodhani Uchina ikishika usukani mambo yatanyooka, watazame Wolf Warrior 2 ya 2017. Inatokea katika nchi ya Afrika isiyo na jina, mashujaa ni Wachina, na Waafrika wengi wapo ili waokolewe au wauawe. Iliingiza zaidi ya dola milioni 800. Hollywood nayo inazidi kukosa sababu ya kujipendekeza, kwa kuwa Wachina sasa wanajaza sinema zao kwa filamu zao, na mwezi Aprili 2025 serikali yao ilitangaza kupunguza filamu za Marekani zinazoingia. Zile dakika nne hazitaongezwa tena kwa wingi. Sitazililia.

Reli ile inapita Nakuru, chini ya miinuko yetu. Wajukuu wa walioijenga wako mjini, na wajukuu wa Waafrika waliofanya kazi kando yao wako Bahati, Lanet na Dundori. Ninyi vijana mnaopiga filamu kwa simu na kamera za kukodi, nendeni mkawaulize wazee wa pande zote mbili kabla hawajaondoka, na mwandike wahusika ambao hakuna mtu, Los Angeles wala Beijing, atakayeweza kuwakata bila filamu yenyewe kuanguka.