Abiria Wanne wa Nimekuona

Sogea hapa mkekani, mpwa wangu. Uwe wa Jinja au wa Mbale, bodaboda unazijua. Umewahi kuona moja imebeba watu wanne? Basi neno nimekuona ndiyo bodaboda hiyo. Mbele kaketi Ni, nyuma yake Me, halafu Ku, na mwisho kabisa Ona. Wamebanana, lakini wanafika. Kisoga nacho hupakia abiria. Kigisu nacho hupakia abiria.

Siku moja bodaboda ikaingia mji wa Kiingereza. Askari akainua mkono. "Hapa hatubebani! Kila mtu ashuke, atembee kwa miguu yake."

Wakashuka. Ni akawa I. Me akawa have. Ona akawa seen.

Ku akalia. "Na mimi? Mimi nilikaa mbele ya Ona!"

"Hapa anayeonwa hukaa nyuma," askari akamwambia.

Ku akakimbia nyuma, akawa you. I have seen you.

"Mjomba, mbona masomo huwa magumu ghafla tukifika darasa la nne, P4?"

Umeuliza vizuri! Mtaala wa Uganda ulioanza 2007 unataka watoto wa vijijini wafundishwe kwa lugha ya nyumbani hadi P3. P4 ndipo mnapoanza kuhamia Kiingereza. Abiria wote wanashuka kwa mpigo. Ukichanganyikiwa, usidhani huna akili.

"Mama hajui Kiingereza. Atanisaidiaje?"

Ah, swali hilo limenifurahisha sana! Kata boksi la sabuni vipande vinne. Andika I, have, seen, you, kila kipande neno lake. Vichanganye. Mama akuulize kwa Kisoga au Kigisu: nani ameona? Weka mbele. Nani ameonwa? Weka nyuma. Viwili vilivyobaki vinakaa katikati, have kwanza. Mama hakutamka hata neno moja la Kiingereza, na sentensi imesimama.

"Na amekuona, je?"

Lo, umefika mbali! A yetu haiulizi kama ni kaka au dada. Kiingereza lazima kiulize. Ndiyo maana watoto wengi husema my mother, halafu wakaendelea na he. Kata vipande vingine vitatu: he, she, has. Have atampisha has, lakini you habanduki pale nyuma. Sasa kamwulize bibi ni nani aliyekuona ukipanda mwembe jana, babu au shangazi, ndipo uchague kipande cha kuweka mbele.