Kuvunjwa, Kuundwa Upya na Kubadilishwa Jina

Wafasiri wanaoshughulikia kumbukumbu za askari wa zamani katika Wilaya ya Mpanda, ambayo hadi mwaka 1974 ilikuwa sehemu ya Mkoa wa Tabora, hukutana mara kwa mara na jina la Tanganyika Rifles. Batalioni ya pili ya rejimenti hiyo ilikuwa na kambi yake huko huko Tabora. Tunasikitika kuona baadhi yao wakiandika kwamba rejimenti hiyo "ilibadilishwa jina" ikawa Jeshi la Wananchi wa Tanzania. Ni kosa la neno moja tu, lakini linapotosha historia ya nchi.

King's African Rifles, ambayo wananchi waliiita Keya kwa kufuata herufi za KAR, iliundwa mwaka 1902. Batalioni yake ya sita, iliyokuwa ya Somalia ya Waingereza, ilivunjwa mwaka 1910. Mwaka 1917, vita na Wajerumani vikiendelea, batalioni hiyo ilitokea tena, safari hii ikiandikisha askari waliowahi kuwatumikia Wajerumani. Hapa "kuundwa upya" ndiko kunakofaa: kilichorudi ni namba, watu walikuwa wengine.

Mwaka 1961, nchi ilipopata uhuru, batalioni ya 6 na ya 26 zilifanywa kuwa batalioni mbili za Tanganyika Rifles. Askari walikuwa wale wale, na maafisa wengi walibaki kuwa Waingereza. Huko ndiko kubadilishwa jina. (Neno Rifles lisifasiriwe; tumepata kuona "Bunduki za Tanganyika", na hatupendi kuliona tena.)

Tarehe 20 Januari 1964 askari wa kambi ya Colito, Dar es Salaam, waliasi wakidai nyongeza ya mishahara na maafisa Waafrika. Kesho yake Tabora ikafuata. Tarehe 25 askari wa Uingereza waliwanyang'anya silaha, na Serikali ikaivunja rejimenti. Jeshi la Wananchi lilianzishwa tarehe 1 Septemba mwaka huo, likichukua vijana wengi kutoka Umoja wa Vijana wa TANU.

Pengine msomaji atahoji kwamba Mrisho Sarakikya, mkuu wa kwanza wa jeshi jipya, alikuwa afisa wa Tanganyika Rifles. Ni kweli. Lakini mtu huweza kuhama. Chombo alichokihama kikabaki kimevunjwa. Wala tusiseme "kutawanywa", neno linalofaa mkutano au umati, wala "kufutwa", ambalo tungeliachia sheria na madeni.

Kilichobadilishwa jina mwaka ule ni kambi. Colito, iliyoitwa kwa pigano la batalioni ya sita huko Ethiopia mwaka 1941, sasa ni Lugalo, mahali ambapo Wahehe waliwashinda Wajerumani mwaka 1891.