Kisu cha Kukunja: Kibane au Kilegee?

Mtu akienda dukani kununua kisu cha kukunja, au lile koleo la kukunja lenye vyombo vingi tumboni, hutazama mambo mawili: bei, na hesabu ya vyombo. Akiambiwa vyombo ni kumi na vinne hufurahi kuliko akiambiwa ni saba. Jambo la tatu, ambalo kwa rai yangu lingekuwa la kwanza, halitazami kabisa. Nalo ni hili: maungio yake yamebana kadiri gani?

Najua wako watakaosema leo mshairi amekosa la kuandika. Lakini kisu kilikuwako kabla ya kalamu, na kalamu zetu za mwanzi tulizosomea chuoni zilichongwa kwa kisu. Maalim wetu alikuwa na kimoja kidogo cha kukunja, mpini wa pembe, na hakuna mwanafunzi aliyeruhusiwa kukigusa. Kilipofungwa kilitoa mlio, nasi tulijua kalamu ziko tayari na maskhara yamekwisha.

Nahodha mmoja wa mashua, mtu mzima wa makamo, alinijia mwaka huu na koleo la kukunja aliloletewa na mwanawe kutoka Dubai. Ukiifungua mikono yake miwili wapata koleo, na ndani ya mikono hiyo mmelazwa kisu, tupa, msumeno mdogo, bisibisi mbili tatu na kifungulia mikebe. “Maalim,” akaniambia, “chombo ni kizuri, lakini kimebana kama gando la kaa. Mwanangu asema ndivyo kiwavyo kikiwa kipya, nisubiri. Ndugu yangu asema nikilegeze mpaka kifunguke kwa kutikiswa tu. Nimfuate nani?”

Swali hilo si dogo hata kidogo. Mtu aliye chomboni mara nyingi ana mkono mmoja tu wa kazi, wa pili umeshika demani au usukani. Kamba ikimzonga mwenzake mguu, hana nafasi ya kutafuta ukucha wa kukifungulia kisu. Kwa upande wa pili, kisu kilicholegea ni adui wa mwenyewe. Namjua kijana mmoja mvuvi aliyekuwa akikata nyuzi za jarife kwa kisu cha kukunja kilichochakaa. Ncha ilikwama kwenye fundo, akaisukuma, kisu kikajikunja juu ya kidole chake cha shahada na kuukata mshipa wa ndani. Jeraha lilipona zamani. Kukinyoosha kidole hicho anakinyoosha, kukikunja hawezi, na kazi ya jarife ni kazi ya vidole.

Kwa hivyo nilimwambia nahodha asimfuate yeyote kati ya wawili hao kabla ya kujua kwanza ni kitu gani kinachobana, kwani si visu vyote vinabana kwa njia moja.

Tukitazame kisu chenye kamani. Karl Elsener alifungua karakana yake Ibach, katika jimbo la Schwyz nchini Uswisi, mwaka 1884. Mwaka 1891 akaanza kuliuzia jeshi la nchi yake visu vya askari, na mwaka 1897 akasajili kisu cha maofisa, ambacho leo dunia nzima inakiita kisu cha jeshi la Uswisi. Ujanja wake ulikuwa kwenye kamani: aliifanya kamani moja ishike vyombo vya pande zote mbili za mpini, kwa hivyo kisu kikabeba vingi bila ya kunenepa. (Jina la Victorinox limeungwa kutokana na Victoria, jina la mamake, na inox, neno la Kifaransa la chuma kisichoshika kutu.)

Kamani hiyo ni kipande cha chuma kilicholala mgongoni mwa kisu. Shina la ubapa, pale linapozunguka msumari wake, halikuchongwa duara. Lina pande zilizonyooka na lina pembe. Ukianza kufungua, pembe huisukuma kamani nje nawe wasikia uzito. Ukipita sehemu ile, kamani hurudi na kuuvuta ubapa mpaka utulie mahali pake kwa mlio. Mafundi wa visu wa Marekani husema kisu kizuri hutembea na kusema. Kutembea ni ule mwendo wa shina juu ya kamani, na kusema ni ule mlio wa kutua. Neno hilo nimelipenda mno. Hata shairi ni hivyo hivyo, mizani zikibana kupita kiasi haliendi, zikilegea halisemi. Lakini tusitoke nje ya mada.

La kukumbukwa ni kwamba visu vingi vya namna hii havina kufuli. Kinachoulinda mkono wako usikatwe ni nguvu ya kamani peke yake. Basi kisu cha kamani kinachobana kidogo kisilaumiwe, hiyo ndiyo amana yake. Ukikitia mafuta utapunguza msuguano, na hilo ni jema, lakini kamani itabaki na nguvu zake. Na kamani ikichoka hakuna skurubu ya kuikaza. Kile cha yule kijana mvuvi kilikuwa cha namna hiyo: kamani ilikwisha kufa, naye alikitumia kama kisu kizima.

Koleo la kukunja ni habari nyingine. Mwaka 1975 Mmarekani Tim Leatherman alisafiri na mkewe Ulaya na Mashariki ya Kati kwa Fiat kuukuu iliyokuwa ikiharibika kila mara, na mabomba ya hoteli za bei rahisi yalikuwa yakivuja. Mfukoni alikuwa na kisu cha skauti, lakini alilokuwa akilihitaji ni koleo, naye hakuwa nalo. Aliporudi kwao alikaa miaka akichonga mifano. Haki ya uvumbuzi aliipata mwaka 1980, na ilimpasa kungoja mpaka 1983 ndipo chombo chake kikaanza kuuzwa, kampuni ikiwa Portland, Oregon.

Katika koleo la namna hii, mikono hukazwa na kule kubanwa kwa vyuma baina ya vichwa vya ribiti au vya skurubu. Ni msuguano tu. Ndiyo sababu vipya hubana: nyuso za vyuma bado hazijazoeana, na fundi wa kiwandani huona afadhali akupe kilichobana, maana kilichobana hulegea kwa matumizi, na kilicholegea hakijikazi chenyewe. Hapo mwanawe nahodha alikuwa na haki. Kifungue na kukifunga mara mia ukiwa barazani ukizungumza na wenzako, utie tone la mafuta, na baada ya wiki mbili utakiona kimekuwa kiungwana.

Lakini ndani ya mikono mna uhasama mwingine. Vyombo vidogo kadhaa hukaa pamoja juu ya msumari mmoja. Vikibanana sana, ukivuta bisibisi yaja na tupa na kifungulia mikebe, kama watoto wa nyumba moja ukimwita mmoja. Vikilegea, koleo likifunguliwa huning'inia chini vyote. Mimi napenda mikono ya koleo iwe myepesi, kwa kuwa hufunguliwa na kufungwa kila mara. Kisu kiwe na uzito wa kadiri. Na bisibisi ibane kuliko vyote, kwani husukumwa kwa nguvu, na si haba zisizo na kufuli. Mwaka 2019 kampuni ya Leatherman yenyewe ilitoa aina ambayo mikono yake hushikwa na sumaku badala ya kutegemea msuguano, ikifungwa hunasa, ikisukumwa kwa dole gumba huachia. Wengine wameipenda. Mimi bado naamini ribiti nzuri.

Ukitaka kupima, kama kisu kina tundu au kijiti cha kufungulia, kifungue kwa dole gumba peke yake mara kumi mfululizo. Dole likiuma kabla ya kumi, kimebana mno kwa kazi yako. Kisha kikunje nusu, ubapa uwe katikati ya njia, ukielekeze chini na kukitikisa kidogo kama mtu atikisaye kalamu iliyokauka wino. Ubapa ukianguka wenyewe, kimelegea. Halafu kifungue chote, ushike mgongo wa ubapa karibu na ncha, uusukume kushoto na kulia. Ukicheza huku na huku, hiyo ni ila nyingine kabisa, na watu wengi huichanganya na wepesi wa kufunguka. Kisu chaweza kufunguka kwa shida na bado kikacheza ubavuni, kwa sababu tundu la msumari limepanuka huku mchanga umejaa katika maungio. Kisu cheza-ubavu kisikate kamba nene, kitakupotoka mkononi.

Wako waliofungwa kwa ajili ya ulegevu huu, tena katika mji mkubwa wa dunia. Sheria ya jimbo la New York ya mwaka 1958 ilikataza kisu ambacho ubapa wake hufunguka kwa uzito wake au kwa nguvu ya kurushwa, kisha ukanasa. Ilitungwa kwa ajili ya aina fulani ya visu vya vita. Lakini askari wa mjini wakafanya kipimo chao: hukichukua kisu cha kawaida cha kukunja, kilichonunuliwa dukani mchana kweupe, wakakirusha kwa kifundo cha mkono. Kikifunguka, mwenye kisu amekwisha. Maseremala na mafundi wa umeme wakakamatwa na vyombo vya kazi zao mfukoni, nao walikuwa maelfu.

Hebu fikiri. Kisu kilichobana siku ya kununuliwa ni halali. Kikitumiwa mwaka mzima kikalainika, kimekuwa haramu na mwenyewe hana habari. Askari mwenye mkono mzito hakifungui, mwenzake mwenye mkono mwepesi akifungua. Kesi zikasikizwa, wabunge wa jimbo wakapitisha mswada wa kuiondoa, gavana akaukataa mwaka 2016 na tena 2017. Mwisho, Mei 2019, sheria hiyo ikafutwa. Uingereza nako, visu vya kufunguka kwa uzito vilipigwa marufuku tangu 1959, na hadi leo kisu cha kukunja kisicho na kufuli, chenye makali yasiyozidi inchi 3, mtu huweza kukibeba njiani bila ya kuulizwa sababu, ilhali chenye kufuli ataulizwa. Wenye jamaa huko wawaonye kabla ya kuwapelekea zawadi.

Turudi kwetu pwani, ambako adui mkubwa ni hewa yenyewe. Wafaransa wana kisu cha mpini wa mti kiitwacho Opinel, kilichoanza huko Savoie mwaka 1890. Mti ukinywa unyevu huvimba na kuubana ubapa usitoke. Wenyeji wa huko hugonga mwisho wa mpini juu ya kitu kigumu, na ubapa huchomoza kidogo ukashikika. Mtu mwenye kisu cha mpini wa mti katika kaskazi yenye joto na unyevu atayaona hayo hayo. Asikimbilie kulisugua tundu kwa tupa, maana kiangazi mti ukikauka kisu kitacheza.

Chuma nacho kisikudanganye kwa jina. Hicho kiitwacho kisichoshika kutu hushika, kikiachwa na chumvi katika maungio. Vingi vinavyosemwa vimebana havikubana kwa kukazwa, vimebanwa na chumvi, mchanga na damu ya samaki. Kioshe kwa maji matamu ya vuguvugu, ukifungue na kukifunga humo ndani ya maji mpaka uchafu utoke, ukikaushe vizuri, kisha tone moja la mafuta ya cherehani katika kila ungio. Mafuta ya kupikia usiyatie. Baada ya siku chache hunata na kukusanya vumbi, na kisu kikawa kizito kuliko mwanzo. Nahodha alipofanya hivyo, nusu ya ubanaji ule ulitoka pamoja na grisi nzito ya kiwandani. Ile nusu ya pili nikamwambia aiache, itakwisha kwa mkono wake.

Kama bado kimelegea au kimebana baada ya kuoshwa, tazama kichwa cha ungio. Ikiwa ni skurubu, nyingi siku hizi zina tundu la nyota ya ncha sita, tafuta bisibisi yake hasa na uzungushe kidogo sana, chini ya robo ya mzunguko, kisha upime tena. Ikiwa ni ribiti, kukaza ni kwa nyundo ndogo juu ya chuma kizito, pigo jepesi baada ya jepesi, na ukizidisha pigo moja hakuna dawa. Kazi hiyo mpe fundi, na usimame naye akifanya.

Na usisubiri kufika nyumbani ndipo ukipime. Kipime pale pale mbele ya muuzaji, kila chombo kimoja kimoja, hasa katika bidhaa za kuiga zilizojaa masokoni, ambazo kwa nje zafanana na asili na kwa ndani ribiti ni laini kama nta. Muuzaji akikukataza kukifungua, rudisha pesa zako mfukoni, uende duka la pili.