Barafu za Embe na Ukwaju kwa Watoto Wetu

Joto la Oktoba hapa Tabora unalijua. Mvua bado, vumbi limejaa hadi kwenye vyombo, na mtoto akitoka shule hata salamu hakumbuki, anaomba hela ya barafu. Mwezi huu tumeona tuzitengeneze wenyewe nyumbani, tena za kuchanganya matunda, kama ile juisi ya kokteli inayouzwa mjini. Pombe haimo, na watoto hawataikosa.

Kabla ya kueleza namna ya kutengeneza, tuna jambo la kuungama. Miaka kadhaa iliyopita akina mama wa kikundi chetu tulitengeneza barafu kwa ajili ya sherehe ya watoto. Muda ulikuwa mfupi, maji tukayachota tu kwenye ndoo. Mmoja wetu aliuliza kama yamechemshwa, tukamjibu kwamba baridi itaua wadudu. Siku ya pili watoto kadhaa waliharisha, na mmoja ikabidi atundikiwe dripu. Sisi tuliosomea uuguzi tulikuwepo pale na tulinyamaza! Baridi haiui vijidudu vya kuhara wala vya homa ya matumbo. Inavilaza tu, na barafu ikiyeyuka tumboni vinaamka.

Kwa hiyo anza na maji. Yachemshe mpaka yatokote sana. Dakika moja ya kutokota inatosha, usimalize mkaa bure. Yafunike yapoe, kisha nawa mikono kwa sabuni ndipo ushike matunda.

Matunda kwetu si ya kuhangaikia. Wazee husimulia kwamba miembe mingi mikubwa ya Tabora ilitokana na kokwa zilizotupwa na watu wa misafara, iliyopita hapa kati ya Bagamoyo na Ujiji. Pale Kwihara, kilomita chache kutoka mjini, lipo tembe ambalo Livingstone alikaa mwaka 1872 akingojea wapagazi. Sisi tunaojua joto la hapa tunamhurumia, maana hakuwa na friji.

Chukua maembe mawili makubwa yaliyoiva na pasheni nne. Osha, menya maembe, saga au ponda pamoja na kikombe kimoja cha maji yaliyochemshwa, kisha chuja na kukamulia ndimu moja. Kama msimu wa maembe haujafika, papai linafaa. Pembeni, loweka robo kilo ya ukwaju katika lita moja ya maji ya moto yaliyochemshwa. Yakipoa, vuruga kwa mkono safi, chuja, tia tangawizi kidogo na sukari. Onja: iwe tamu kidogo kuliko juisi ya kawaida, kwa sababu baridi hupunguza utamu ulimini. Lakini ukizidisha sukari barafu haigandi vizuri. Wengi wetu tunapenda asali badala ya sukari, na ya Tabora inajulikana nchi nzima. Ila mtoto ambaye hajatimiza mwaka mmoja asipewe asali kabisa, hata ya kulamba, kwani inaweza kumletea ugonjwa hatari wa sumu.

Mimina mchanganyiko wa embe nusu ya vikombe vidogo vilivyooshwa kwa maji ya moto. Weka kwenye friza mpaka juu pawe pagumu kidogo, chomeka kijiti safi, ndipo ujaze ukwaju juu yake. Ukimimina mapema rangi zitachanganyika. Watoto watakula tu, ila mgeni hatakusifu. Zikiganda kabisa, shika kikombe kwa viganja vya mikono mpaka barafu iachie. Usikitumbukize kwenye ndoo ya maji usiyoyajua.

Na umeme ukikatika usiku zikayeyuka, usizigandishe tena. Kama bado ni za baridi, wape asubuhi hiyohiyo wanywe kama juisi. Zikiwa zimeshapata joto, mwaga.