Transista ya redio kuukuu yawa lulu kwa watengenezaji wa pedali za gitaa

WAPIGA gitaa wanaotaka kujitengenezea pedali ya kukwaruza sauti, maarufu kwa jina la fuzi, hugundua upesi kwamba karibu kila kinachohitajika kinapatikana katika maduka ya vipuri vya elektroniki kwa bei ndogo. Kitu kimoja tu ndicho huwasumbua: transista mbili za germaniamu, ambazo viwanda vikubwa viliacha kuzitengeneza miongo mingi iliyopita.

Uhaba huo umezifanya transista hizo kuwa bidhaa ya kusakwa. Huuzwa kwa njia ya intaneti kwa bei inayozidi ya vipuri vingine vyote vya pedali, na miongoni mwake zimo zilizofutwa maandishi na kuandikwa upya. Mnunuzi asiyejua kuzipima huweza kulipa fedha nyingi akapata kitu kisichofaa, ilhali transista halisi huenda imo ndani ya redio mbovu iliyosahauliwa juu ya kabati nyumbani kwao.

Chimbuko la sauti

Sauti ya fuzi ilianza kwa hitilafu. Katika studio mjini Nashville, Marekani, mtambo wa kurekodia uliharibika na kuikwaruza sauti ya gitaa katika wimbo wa Marty Robbins uliotoka mwaka 1961. Badala ya kufutwa, sauti hiyo iliachwa, na mwaka 1962 kampuni ya Gibson ikaingiza sokoni pedali ya Maestro Fuzz-Tone, iliyoitoa sauti hiyo kwa makusudi. Umaarufu wake ulipaa mwaka 1965, pale kundi la Rolling Stones lilipoitumia.

Mwaka 1966, kampuni ya Arbiter ya London ilitoa pedali ya duara iitwayo Fuzz Face, ambayo Jimi Hendrix aliifanya ijulikane duniani. Hiyo ndiyo inayoigwa zaidi na wanaoanza, kwa sababu sakiti yake ni fupi mno.

Vipuri 11 tu

Sakiti ya Fuzz Face ina vipuri 11: transista mbili, rezista nne, kapasita tatu na vidhibiti viwili vya kuzungusha, kimoja cha sauti na kingine cha kiasi cha mkwaruzo. Rezista ni za om 470, kilo-om 8.2, kilo-om 33 na kilo-om 100. Kapasita ni za mikrofaradi 2.2, 22 na 0.01. Vidhibiti ni vya kilo-om 1 na kilo-om 500. Zaidi ya hapo huhitajika jeki mbili, swichi, betri ya volti 9 na kasha.

Rezista na kapasita hazina taabu. Maduka yanayowauzia mafundi redio, kama yale ya Kariakoo jijini Dar es Salaam au barabara ya Luthuli jijini Nairobi, ndipo mahali pa kuanzia. Kapasita zinunuliwe mpya, kwani zile za maji zilizokaa redioni miaka 40 huwa zimekauka na hazishiki tena kiasi kilichoandikwa juu yake.

Aidha, jeki ya kuingizia iwe ya stereo. Mguu wake wa ziada hutumika kukata betri pindi waya wa gitaa unapochomolewa. Asiyejua hilo hununua jeki ya kawaida, kisha akashangaa betri kuisha hata pedali isipotumika.

Ndani ya redio kuukuu

Fuzz Face za kwanza zilitumia transista ya Uingereza iitwayo NKT275, na baadhi yake AC128. NKT275 imekuwa adimu mno, lakini AC128 ilitengenezwa kwa wingi, kwa sababu ndiyo iliyosukuma spika katika redio ndogo za betri za Ulaya za miaka ya 1960 na 1970. Redio za Philips zilizouzwa Afrika Mashariki enzi hizo ni mojawapo ya mahali pa kuitazamia. Za zamani zaidi huwa na transista za jamii ya OC, kama OC75, iliyotumika katika pedali nyingine ya London iitwayo Tone Bender.

Redio za Japani za wakati huo hutumia majina yanayoanza na 2SB. Hata hivyo, jina hilo pekee si uthibitisho, kwani baadaye lilipewa pia transista za silikoni. Vilevile AC127, ambayo mara nyingi hukaa kando ya AC128, ni ya mkondo ulio kinyume na haiwezi kushika nafasi yake.

Redio za taa, zile zilizochukua muda kupata moto kabla ya kusikika, hazifai kufunguliwa na asiye fundi. Hazina transista, na kapasita zake huweza kubaki na umeme mkali hata baada ya kuchomolewa ukutani. Redio ambayo bado inaongea nayo iachwe. Thamani yake kama redio huenda ikazidi ya transista zake.

Anayezitoa transista ashike kila mguu kwa koleo ndogo wakati wa kulehemu. Germaniamu haivumilii joto, na koleo hulinyonya kabla halijafika ndani.

Kupima kabla ya kulipa

Kipimo cha kwanza kinahitaji mita ya kawaida yenye alama ya diodi. Kati ya mguu wa besi na wa emita, transista ya germaniamu huonyesha karibu volti 0.2 au 0.3, na pengine chini kidogo. Ikisoma 0.6 au 0.7, hiyo ni silikoni, hata kama imeandikwa AC128 kwa herufi za kupendeza. Kipimo hicho huchukua dakika moja, na muuzaji mwaminifu hana sababu ya kukikataa.

Cha pili ni nguvu ya ukuzaji. Mita nyingi za bei nafuu zina tundu la kuipimia, lakini germaniamu huvuja umeme kiasi, na mita huuhesabu uvujaji huo kana kwamba ni nguvu. Transista mbovu basi huweza kuonekana bora kuliko nzima. Njia ya kuutenga uvujaji ni kuunga emita na kolekta kwenye betri ya volti 9 kupitia rezista na mita ya mkondo, huku besi ikiachwa wazi. Hadi mikroampea 200 hivi mafundi wengi hukubali.

Baada ya uvujaji kuondolewa katika hesabu, ya kwanza yenye nguvu ya 70 hadi 100 na ya pili yenye 90 hadi 130 huhesabiwa kuwa jozi nzuri. Transista isipimwe ikiwa imetoka kushikwa, kwani joto la vidole hupandisha uvujaji.

Swichi na kasha

Swichi ya kukanyagia ndiyo inayosumbua baada ya transista. Swichi ya taa au ya redio huvunjika chini ya kiatu. Inayotakiwa ni ya kukanyaga yenye miguu sita, au tisa kwa anayetaka na taa ndogo ya kuonyesha kwamba pedali imewashwa. Isipopatikana madukani, huagizwa kutoka nje.

Kasha liwe la chuma au alumini na liungwe na waya wa ardhi wa sakiti, la sivyo pedali itanasa ngurumo za umeme wa nyumba. Mafundi wa Gerezani jijini Dar es Salaam na Kamukunji jijini Nairobi hukunja bati kwa kipimo anachotaka mteja. Si aibu kubuni: umbo la Fuzz Face yenyewe lilitokana na kitako cha stendi ya kipaza sauti.

Jambo jingine ni umeme. Katika sakiti ya AC128, upande chanya wa betri ndio huungwa kwenye ardhi, tofauti na pedali nyingi. Kuilisha pamoja na nyingine kutoka adapta moja huleta shoti, hivyo ipewe betri yake.

Kwa asiyepata germaniamu

Anayekosa transista za zamani hajafungiwa mlango. Mwishoni mwa miaka ya 1960 Fuzz Face ilihamia silikoni, zikiwamo BC108 na BC109, na sauti yake ikawa kali zaidi. Germaniamu hubadilika sauti joto linapopanda, jambo lisilo dogo kwa bendi inayopiga ukumbini Dar es Salaam au Mombasa mwezi Februari. Silikoni huvumilia zaidi, na BC547 ya plastiki, ambayo ni miongoni mwa transista za bei ya chini kabisa, huweza kujaribiwa katika sakiti hiyohiyo, mradi betri igeuzwe pamoja na kapasita za maji.

Kwa mwenye fedha kidogo, mpango wa busara ni kuanza na silikoni, kujifunza kulehemu na kuhakikisha pedali inalia. Transista zikiwekwa kwenye soketi badala ya kulehemewa moja kwa moja, germaniamu itaweza kujaribiwa siku redio mbovu itakapopatikana, kwa kufuata mchoro wake na kuzigeuza tena betri na kapasita.